Magauni Saba ya Kavira

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, ungeuliza Butembo ni mwanamke gani anayejua kuvaa, hata muuza vitunguu sokoni angekuonyesha nyumba ya Kavira. Hakuwa tajiri. Alizaliwa Vuhovi, kwa watu wa kulima maharage, na mume wake Benoît, baba wa binti yao Delphine, alikuwa karani wa serikali, mtu wa kupiga mashine ya kuandika na kungojea mshahara uliokuja pale ulipojisikia. Lakini kila Jumapili Kavira aliingia misani na gauni jeusi jingine: leo lenye kola pana nyeupe, wiki ijayo lenye lesi ya dantela kifuani, kisha la kola ya bluu. Wanawake walihesabu badala ya kusali. Wakafika saba.

Nikwambie ukweli ambao mji mzima haukuujua: gauni lilikuwa moja. Kitambaa chake kizito kilipitia mpakani Kasindi, akakishona mwenyewe. Kilichobadilika ni kola, kila moja na kifua chake, mikono yake na mkanda wake, vyote vya kufunga kwa vifungo vidogo. Kola saba zilikaa ndani ya kopo la biskuti, kopo likakaa ndani ya sanduku, na ufunguo wa sanduku ulikaa kwenye fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni. Hata Benoît hakujua. Usishangae: kwao, sanduku la mwanamke mume halifungui. Jumamosi, Benoît akiwa kazini, gauni lilifuliwa, likakaushwa jikoni, likapigwa pasi ya makaa.

Ujanja huo alijifunza Paris, ingawa hakuwahi kufika mbali zaidi ya Beni. Kabla ya uhuru alimshonea madamu mmoja wa Kizungu mwenye shamba la kahawa hapo Beni. Mwezi wa saba 1960 madamu alikimbilia Uganda na masanduku mawili, akaacha furushi zima la majarida ya mitindo ya Paris. Mwingine angefungia karanga. Kavira aliyasoma picha kwa picha, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, na hakuwa na huruma. Gauni hili lenye mkia, alisema, limeshonwa na mtu asiyejua matope. Kofia hizi ni za watu wasiobeba kitu kichwani. Na hawa wanawake wenyewe, wembamba hivi, wamenuna hivi, nani amewanyima chakula? Lakini mabega aliyapenda, na pindo lililokaa sawasawa lilimfanya anyamaze kwa heshima.

Siku moja aliona gauni lile lile jeusi kwenye kurasa tatu. Mikunjo ile ile ya kubana kiuno, mshono ule ule. Kilichobadilishwa ni shingoni tu. Alicheka peke yake. Kumbe hata huko wanadanganya! Mtu akikuangalia, anaanzia usoni. Ukimshika hapo, hashuki chini kukagua. Hiyo ndiyo ikawa sheria yake ya mavazi, na ilimtosha.

Aibu yake ilikuwa moja. Krismasi ya 1961 kaa liliruka kutoka kwenye pasi, likatoboa gauni mgongoni, chini kidogo ya mkanda. Akalifuma tundu kwa uzi mweusi mpaka likafanana na nyota ndogo. Kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuiona, aliamini kwamba hakuna aliyeiona.

Mwaka wa 1964 wakaja waasi, wale waliojiita Simba, na majani vichwani. Wanaume wakazika tai zao na kuficha miwani, wasijulikane kuwa wasomi. Makarani waliitwa mmoja mmoja sokoni, mbele ya watu, wajibu kama walikula mali ya raia. Alhamisi waliuawa wawili pale pale. Jumamosi asubuhi akaitwa Benoît.

Aliulizwa juu ya ofisi, akajibu. Kisha Komanda wao, kijana mwenye koti la mvua la Mzungu, akamwuliza jambo lisilohusu ofisi.

"Karani, bibi yako iko na marobe ngapi?"

Masikini Benoît! Hilo swali la magauni alilijua. Kwa miaka minne lilikuwa fahari yake mbele ya wenzake. Jibu likatoka lenyewe.

"Saba, Komanda."

Watu wakaguna. Komanda akasimama.

"Robe saba! Na mushahara munasema hapana kupata. Donc, ni mali ya raia bibi yako anavaa! Muende mumulete na robe zote saba. Zikifika saba, huyu analala na bale ba Alhamisi."

Kavira alikutwa nyumbani, gauni bado halijafuliwa; alipoambiwa alete robe zote, alilivaa na kola nyeupe, akachukua kopo la biskuti. Wapiganaji wawili walimwambia yote njiani, maana walipenda kuzungumza. Lakini nitasema lililo kweli: hata hapo, kabla ya kumwogopea mume wake, kwa muda wa hatua tano au sita alifikiria jinsi wanawake wa misani watakavyomcheka. Kisha akajichukia, akalikumbatia kopo la biskuti, akatembea haraka kuliko waliomkamata.

"Robe ziko wapi?" Komanda aliuliza.

"Ni hii nimevaa, Komanda. Hakuna ingine."

"Bwana yako anasema saba."

"Bwana yangu hapana kujua."

"Basi mumoja wenu anadanganya, na miye sipendi bongo."

Kavira akafungua kopo. Mbele ya soko zima alifungua kola nyeupe, akafunga ya dantela. Akaifungua, akafunga nyekundu. Benoît alikodoa macho kama mtu anayeonyeshwa nyumba yake na mgeni.

"Hiyo ni kola tu," Komanda akasema. "Kola inaweza kukaa kwa robe yoyote. Ingine sita umezificha."

Kavira alisimama na kola ya bluu mkononi, akaona mpiganaji anamshika Benoît bega.

Ndipo sauti ikatoka kwa akina mama. "Komanda, mais ni robe moja kweli!" Alikuwa Antoinette, mke wa mwalimu kutoka Kasai, aliyeketi nyuma ya Kavira misani kila Jumapili na hakuwahi kumsalimia vizuri. Alikuja mbele, akamgeuza Kavira kama anavyogeuza kiti. "Muangalie hapa mugongo. Hii nyota. Niliionaka kwa ile ya dantela, kwa ile nyekundu, kwa zote. Nilizani ni mode! Nilizani ni alama ya fundi ya Poto, kwa Bazungu!"

"Unasema bongo," Komanda akamwambia.

Antoinette akageuka yeye pia. Mgongoni mwa gauni lake la kijani, chini kidogo ya mkanda, palikuwa na nyota ya uzi mweusi, imefumwa kwa uangalifu juu ya kitambaa kizima kisicho na tundu.

Soko likalipuka. Wanawake walishikana mabega, wazee wakafuta macho, na Komanda mwenyewe akaanguka kwenye kiti, koti la Mzungu likitikisika. Alipopata pumzi akapunga mkono tu.

"Karani, rudi kwako. Na ujifunze kuangalia bibi yako!"

Kavira aliona miguu ya mume wake ikitembea kuja kwake, mizima. Alimkumbatia Antoinette kwanza, kwa nguvu, wakalia na kucheka pamoja. Aibu aliyoiogopa miaka minne ilikuwa imefika, na haikumuuma hata kidogo.

Nyumbani akampa Benoît ufunguo kwa mkono wake. Benoît aliketi sakafuni, akazipanga kola saba moja moja. Ya bluu aliishika muda mrefu.

"Mama Delphine, hii ndiyo nilikuwa napenda kupita zote." Akaileta karibu na macho. "Mais... hii si shati yangu ya ndoa?"

"Ndiyo."

"Niliitafuta miaka mbili!"

"Najua, Baba Delphine. Tulikuwa tunatafuta wote."