Kibuyu cha Ugoro Ndani ya Kabureta

"Nta," Minani alisema, akikishika kile kibuyu kidogo kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. "Umekiziba kwa nta."

"Ulitaka nikizibe kwa nini, kwa mate?" Kalista alikuwa amechuchumaa kando ya beseni akisugua sufuria, wala hakuinua kichwa. "Tangu bibi yake bibi yangu, kibuyu kinazibwa kwa nta. Cha maziwa nta, cha pombe ya rubisi nta. Nani alinifundisha kwamba petroli inakula nta?"

"Imeila yote. Kibuyu kimejaa, kimezama, kabureta imefurika, na petroli yangu imenywewa na migomba yako."

"Basi mwaka huu ndizi zangu zitakwenda sokoni zenyewe."

Felisita, wifi yake Kalista, dada wa Venance, marehemu mume wa Kalista, alicheka mpaka maharage aliyokuwa akipukuchua yakamporomoka mapajani. Minani hakucheka. Alikwenda akaegemea gari lake, akatazama chini.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la Kitaliano, jekundu, viti viwili tu, na fupi kiasi kwamba mbuzi wa Kalista walilitazama kutoka juu kwa dharau. Zamani lilikuwa la tajiri mmoja wa Bujumbura, Mzungu, aliyemwachia Minani, dereva wake, siku aliporudi kwao. Minani akaenda nalo Muyinga, akamposa nalo Iradukunda. Sauti ya gari hilo haikufanana na ya gari lingine lolote chini ya jua: lilikohoa mara tatu kama padri anayetaka waumini wanyamaze, kisha likavuma kama mzinga wa nyuki uliotiwa moshi. Iradukunda alikuwa akilisikia likiwa kilima cha pili, anainjika sufuria. Minani akifika, chakula kinapakuliwa.

Vita ilipowatoa kwao, viti vilikuwa bado viwili. Cha pili kilikaliwa na mama mkwe, aliyekuwa na miguu iliyovimba. Iradukunda alipita njia za porini pamoja na majirani. "Tangulia," alimwambia mumewe. "Nitafuata sauti."

Minani akavuka mpaka, akaingia Tanzania, akapanda kilima, akateremka kingine, na hapo gari likanyamaza.

Walilisukuma wanaume waliolipwa kwa rubisi ya Kalista, na kosa lilikuwa kuwalipa kabla ya kazi. Walilenga barabara ya Rulenge, wakalifikisha katikati ya migomba yake. Likakaa hapo misimu miwili ya mahindi. Kuku akatagia chini ya kiti, akaatamia, na vifaranga wakatoka wakitembea kinyumenyume kwa sababu gia iliachwa kwenye rivasi. Asiyeamini aende akaulize Rulenge, wapo waliowanunua.

Minani na mama mkwe waliandikwa kambini Lukole. Iradukunda hakuonekana. Watu walikuwa wengi hata milima ikageuka bluu kwa maturubai, na kumtafuta mtu humo ilikuwa kama kutafuta punje yako ya mtama katika ghala la jirani. Minani aliuliza kwenye mabomba ya maji, aliuliza kwenye foleni ya mahindi, aliuliza makanisani. Mwisho akasema, maadamu yeye hakumwona mkewe, basi mkewe amsikie yeye. Gari likiamka, atalipitisha kando ya kila kambi, Lukole, Kitali, popote, na Iradukunda popote alipo atainua kichwa.

Lakini vilivyokufa ni vitu vya mafuta, na hivyo havikuwa na mbadala. Ngozi ya pampu ilipasuka. Mpira wa kupitishia petroli ulikauka ukawa kama gome. Na boya la shaba, lile dogo linaloelea ndani ya kabureta likafunga njia mafuta yakitosha, lilikuwa limelika likabaki chujio. Bulugu, dereva wa lori, alivichukua vile vya zamani, akavionyesha Nyakanazi, akavionyesha Mwanza. Alirudi navyo vilevile. Kiwanda kiliacha kuvitengeneza zamani, aliambiwa, na waliovitengeneza kama si marehemu basi ni vikongwe.

Ndipo wakaanza kuvitengeneza wenyewe uani kwa Kalista. Ngozi ya pampu ikawa kibofu cha mbuzi wa Pasaka, kimekaushwa na kukunjwa mara mbili. Mpira ukawa wa dripu, uliotoka kambini. Boya ndilo lililowashinda. Walijaribu kipande cha mti, kikanywa mafuta kikazama. Walijaribu kichupa cha dawa, kikawa kizito. Siku moja Kalista akaingia ndani, akakawia, akatoka na kibuyu cha ugoro cha Venance, kidogo kama yai la njiwa. Hakuwahi kumpa mtu kukishika. Felisita alipokiona mkononi mwa Mrundi, alinyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyonyamaza kwenye mazishi ya kaka yake.

Maana Felisita alikuwa na macho. Aliona kwamba Minani akija kupalilia migomba, Kalista huweka chumvi mara mbili kwenye maharage kwa kusahau. Aliona kigoda cha Venance kimetolewa darini na kupanguswa. Kihangaza cha Kalista na Kirundi cha Minani vilisikilizana kama ndugu walionyonya ziwa moja, hata wakagombana bila kukosa neno, na mjane aliyekaa miaka bila mtu wa kugombana naye huona ugomvi ni karamu.

Sasa Minani alikirusha kibuyu kwenye nyasi.

"Basi, Mama Teddy," alimwambia Kalista. "Nimechoka. Liwe banda la kuku. Nitamwomba mwenyekiti wa kitongoji kaeneo, nilime muhogo. Mtu hawezi kuishi akisikiliza."

Mkono wa Kalista ukasimama ndani ya sufuria. Maneno hayo aliyaomba. Aliyaomba kwa rozari, mpaka Bikira Maria akamchoka. Na mkononi mwake, ikiteleza kwa maji, alikuwa ameshika sabuni ya mche.

Venance alikuwa utingo wa lori. Tangi la mafuta likitoboka njiani, hakulia wala hakuita fundi. Alikuwa akitafuna sabuni kama muwa, anaibandika kwenye tundu, na lori linafika Nyakanazi bila kudondosha tone, kwa maana petroli hula kila kitu lakini huiogopa sabuni. Jumapili alikuwa akiimba kanisani mapovu yakimtoka puani, na watoto wa kwaya wakiyakimbiza. Kalista aliyajua hayo. Felisita naye aliyajua, na kwa sababu aliyajua, alinyoosha mguu wake taratibu akaukanyaga mguu wa Kalista.

"Osha sufuria, wifi," alisema kwa upole.

"Ninaosha."

"Osha tu. Mtu amesema atalima muhogo. Muhogo ni chakula kizuri."

Mbali, barabarani, lori lilipanda kilima likiguna. Kalista akageuza kichwa. Hakutaka, shingo iligeuka yenyewe. Kila lori lilimfanyia hivyo, tangu enzi ambazo honi ya lori la Venance ikisikika kule chini yeye anapeleka maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Venance alifia Nyakanazi kwa homa, akazikwa, akaombewa, na bado kuna jioni maji yalipelekwa nyuma ya nyumba yakapoa.

Akautoa mguu wake chini ya mguu wa Felisita.

"Minani," alisema. "Niletee hicho kibuyu."

"Cha nini?"

"Nikile. Kilete, mtu mbishi wewe."

Alikipangusa kwa khanga. Akaifinyanga sabuni mpaka ikalainika kama ugali wa mtoto, akaziba mdomo wa kibuyu, kisha akakipaka mwili mzima, akakiweka juani kwenye paa la gari. Felisita aliyaokota maharage yake moja moja, akisema na Mungu kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia: "Wengine unawapa akili, wengine unawapa moyo. Ungempa huyu vyote viwili ungepungukiwa nini?"

Sabuni ilipokauka, Minani akakirudisha kibuyu ndani ya kabureta, akamimina petroli iliyobaki chupani. Kibuyu kikaelea. Wakaingoja petroli ikile. Haikukila. Minani akakaa kwenye kiti, magoti karibu na masikio, akazungusha ufunguo.

Gari likakohoa. Likakohoa tena. Kikohozi cha tatu kilitoka na harufu ya ugoro, kuku wakapiga chafya, na lile jekundu likavuma kama mzinga uliotiwa moshi, mpaka majani ya migomba yakatetemeka na petroli ya chupa nzima ikaisha.

Minani alibaki amekishika kiusukani kidogo kama sahani, machozi yakimshuka, wala hakuyafuta.

"Kesho nitanunua petroli," alisema.

"Nunua," Kalista akasema. Alikuwa ameinamia beseni tena, anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. "Ukipita barabarani, usizime hapa. Pita tu. Nitakusikia."

"Kalista." Hakuwahi kumwita kwa jina. Akatoka garini, akasogea mpaka kwenye beseni. "Nisikilize. Kama nisingekuwa na..."

Ua wa minyaa ukachakarika. Aliingia mwanamke mwembamba, mzigo wa kuni kichwani, miguu imechubuliwa na miiba, anahema kama mtu aliyeteremka kilima kwa mbio. Hakusalimu. Hakumtazama Kalista wala Felisita. Alilitazama gari, na kuni zikamwanguka.