Chama cha Shoka

"Mtu akikata yake na jirani asikate, maji yanakuwa ya nani?"

Mzee aliyeuliza alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kwenye mkutano wetu wa kampeni pale Mjimwema. Watu walicheka. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti, na shahada yangu haikunisaidia.

"Baba, swali lako ni zuri," nilisema. "Tutalifanyia kazi."

Hivyo ndivyo wanavyosema wanasiasa wote, na ndiyo maana sikuwapenda.

Alikuwa anazungumzia milingoti, yaani mikaratusi. Bonde lile limejaa milingoti kwa sababu inakua upesi na wanunuzi wa nguzo hawakosekani. Lakini inakunywa maji, na vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi, vilikuwa vinakauka kimoja baada ya kingine. Mgombea wetu wa uenyekiti wa mtaa, mama mjane aliyeolewa huku kutoka Makete, aliishi kwa kabichi za kinyungu chake. Mwaka ule alikuwa anamwagilia kwa ndoo mahali ambapo zamani mguu ulizama hadi kwenye goti. Cheo hakukitaka. Alitaka kuitisha mkutano wa mtaa ili wenye milingoti ya bondeni wakubaliane kuiondoa kwa pamoja, na mwenye kuitisha mkutano ni mwenyekiti.

Chama chetu kilikuwa kidogo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Makambako, nyuma ya yadi ya mbao, kwa hiyo mikakati ya kulinda misitu tuliipanga kwa kupigizana kelele na msumeno. Rangi zote nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa na vyama vingine. Bendera yetu ikawa ya rangi ya udongo, na ikichafuka haikujulikana. Nilijiunga kwa sababu nilipowauliza wa vyama vingine habari za maji, wao waliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Yule mama alipotuambia atakata milingoti yake kabla ya mkutano wa kampeni, asije akaonekana anahubiri tu, katibu alishika kichwa.

"Mama yangu, sisi ni chama cha mazingira. Tupigwe picha na shoka?"

"Kwani picha inamwagilia kabichi, katibu?"

"Tupande miche. Miche watu wanaielewa."

"Tuipande wapi? Katikati ya milingoti?"

Niliuliza kama sera yetu inasema lolote kuhusu mti uliopandwa pasipostahili. Katibu akasema sera itapitiwa baada ya uchaguzi. Nikauliza itapitiwa na nani.

"Binti, wewe ungefaa kuwa mwendesha mashtaka," akasema. Wakacheka, kikao kikahamia kwenye fulana.

Mama akakata. Ilikuwa akiba yake, na miti haikuwa imefikia unene wa nguzo. Ikaishia kuwa kuni. Kufika sokoni tukakuta tumeshapewa jina.

"Kamwene, Chama cha Shoka," muuza viazi mmoja alitusalimu. "Mmebakiza hata mmoja wa kufungia mbuzi?"

"Njoo na mbuzi wako, tutakutafutia," mama akamjibu, akacheka naye. Mimi nilishindwa kucheka.

Ndipo ukafuata ule mkutano, na lile swali. Baada ya kicheko kile hakuna aliyetusikiliza tena. Kesho yake katibu aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba ukataji ule ulikuwa uamuzi binafsi wa mgombea. Tulishindwa vibaya. Aliyeshinda aliahidi bomba. Mkutano wa bonde hakuuitisha, na bomba sijaliona. Kiangazi kilichofuata kinyungu cha mama kilikauka chote, kwa sababu milingoti ya wengine iliendelea kunywa.

Nilijitoa kwenye lile kundi. Hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi.

Kwa miaka kadhaa nilisimulia kisa hiki nikimlaumu yule mzee. Nilimweka kama mchekeshaji, mtu aliyetumwa, mfano wa watu wetu wanavyoua jambo kwa kicheko. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa la haki. Nililigeuza huku na huku, na jibu pekee nililopata ni lile mama alilokuwa analiombea kura: lazima wakate wote.

Juzi nilimtembelea mama. Bado anabandua machipukizi kwenye visiki vyake kila yanapotoka, na sasa anauza kabichi anazonunua Wanging'ombe. Alinituma kufuata mbegu juu ya bonde, nje ya mtaa wetu, ambako sikuwahi kufika. Nilikuta visiki vyeusi vilivyoanza kuoza, vikuukuu kuliko vya mama, na upande wa juu wa shamba milingoti imesimama bila pengo. Mwanamke aliyekuwa analima pembeni aliniambia hapo ni kwa baba yake, na alipomwelezea nikamtambua: mzee wa kofia.

Alikuwa amekata yake mwaka mmoja kabla ya kampeni zetu, na jirani yake wa juu alikuwa amekataa.