Karani Aliyeuliza Habari za Mahindi

Karani wa usajili katika chuo cha wilaya, huko Nebraska, hakumwuliza mwanafunzi jina. Aliuliza ukoo na shamba. Verna anamkumbuka hivyo mpaka leo: miwani ya kamba, kidole gumba chenye wino, na muhuri alioupulizia pumzi kabla ya kuugonga. Oktoba ile Verna alipeleka fomu ya kuacha masomo ya uuguzi, maana baba yake alikuwa amevunjika mguu na mavuno yalimngoja binti. "Wewe wa kina Hruska wa mtoni? Mahindi yamekauka?" "Bado, mama. Wiki mbili hivi nitakuwa nimemaliza." "Kwa ile mashine kuukuu ya babu yako? Sema tatu." Akaupulizia muhuri, akauweka chini, akaitia fomu kwenye droo. "Mimi mzee, nasahau sana. Nenda kavune."

Verna alirudi Novemba, makapi yangali nywelani, kuomba aanze upya mwakani. Karani akafungua droo, akamrudishia fomu ile ile. Haikuwa na muhuri, ila duara la kikombe cha kahawa. "Darasa limeanza saa mbili," alisema bila kuinua macho. "Umechelewa dakika tano, mwanangu. Kimbia."