Mshale Uliomwita Dereva Mwizi

Zamani fundi alianza kwa kukuuliza gari linaumwa wapi na tangu lini. Siku hizi anatafuta kwanza pa kuchomeka kompyuta yake.

Kwenye lori lile la pua ndefu hapakuwa na pa kuchomeka. Mafundi wa gereji kubwa walilizunguka, wakacheka, wakabadilisha geji ya mafuta, na mshale wa geji mpya ukaendelea na mchezo uleule: jioni robo tangi, kesho yake asubuhi robo tatu. Dereva aliyelishika lori hilo miaka ishirini na sita akaitwa mwizi.

Aliyemwita hivyo ni bosi kijana, mtoto wa marehemu tajiri wake. Mtoto huyo alipelekwa shule ndani ya kabini ya lori hilohilo, amekalishwa juu ya mto ili aione barabara, na alizoea kumwita dereva baba mdogo. Sasa kila jioni alisimama getini, akachungulia mshale, akaguna.

"Unauza dizeli yangu. Ukiona nimeshtuka, unairudisha."

"Mwizi gani huyo anayerudisha?" Dereva alichomoa ufito wake wa kupimia mafuta nyuma ya kiti, ule wenye alama za kisu, akautumbukiza kwenye tangi. "Tazama. Robo tatu."

"Ufito umechonga mwenyewe, alama umeweka mwenyewe. Jumamosi naomba ufunguo wangu."

Ijumaa dereva alimwomba jambo moja tu: waende pamoja kwa Mama Cheche.

Mama Cheche alikuwa fundi umeme wa magari, mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Kazi alifundishwa na baba yake, ambaye alimshikisha kurunzi miaka saba kabla ya kumwachia koleo. Kibanda aligawana na mumewe, fundi cherehani; huku betri, kule suruali za watu, na mzee yule hakuchoka kulalamika kwamba asidi itawaacha wateja wake uchi.

Walipofika, Mama Cheche hakufungua kitu. Alipanda kabini, akaketi kwenye kiti cha dereva, miguu ikining'inia.

"Haya, kaka. Ugonjwa ulianza lini?"

"Miezi minne sasa. Tangu liliponyooshwa bodi na kupigwa rangi."

"Aha. Na wewe bosi, mshale unautazamia wapi?"

"Getini, jioni akirudi."

"Taa zimewashwa?"

"Giza linaingia, mama, azizime kwa nini?"

"Na asubuhi?"

"Asubuhi kumeshakucha, taa za nini tena?"

"Mzee!" Mama Cheche akaita. "Acha suruali za watu, njoo uone kitu."

Alishuka, akamwambia dereva afungue swichi bila kuwasha injini. Robo tatu. "Washa taa." Dereva akavuta kitufe, na mshale ukateremka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua, ukatua kwenye robo. Zima, ukapanda. Washa, ukashuka. Jua lilikuwa la saa sita, lakini nywele zilimsimama dereva. Miezi minne ameukodolea macho mshale huo, na hata siku moja hakuwahi kuwasha taa mchana. Mwanamke huyu alikuwa ameketi humo kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

"Acha taa zikiwaka. Bosi, shika ufito. Tumbukiza wewe, usije ukasema tumekuroga."

Bosi kijana akatumbukiza, akautoa ukiwa umelowa hadi alama ya robo tatu. Mshale ndani bado ulisema robo.

"Umeme ukimaliza kazi hurudi kwenye betri," Mama Cheche alisema. "Hapa njia ya kurudi imezibwa. Taa na geji zinagombania kijia kimoja, na geji ndiyo inayoonewa."

Akaingia chini ya lori, akafungua nati inayoshika mkanda wa waya unaorudisha umeme kutoka kabini hadi chasisi. Chini yake palikuwa na rangi ya bluu, nene, mpya, isiyopitisha umeme. Akaikwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati. "Washa." Taa zikawaka. Mshale haukutikisika.

"Kwani hiyo rangi aliagiza nani?" mumewe akauliza kwa upole.

Bosi kijana alitazama viatu vyake. "Kumbe," alisema. Samahani hajaisema mpaka leo, ila ufunguo hakuuomba tena. Dereva hata hakuisubiri. Alikuwa akiitazama mikono ya Mama Cheche ikijifuta maganda ya bluu kwenye aproni, na bila kujua alikuwa amekwisha vua kofia.

Tangu hapo kila dereva alipopita, Mama Cheche alipiga kelele, "Washa taa!" Naye akawasha, akatazama mshale, akatoa dole gumba dirishani. "Mwizi huyo anapita!" mumewe akadakia.

Mara ya mwisho dereva alipowaona, kibanda kilikuwa kimeshabomolewa, gereji kubwa imechukua kiwanja. Walikuwa wamekaa kando ya barabara, Mama Cheche juu ya sanduku la betri, mzee ameikumbatia cherehani. Hakuna aliyepiga kelele. Dereva akapunguza mwendo, akawasha taa mwenyewe mchana kweupe. Mshale ulisimama palepale. Akatoa dole gumba.

Mzee akamgusa mkewe bega. Mama Cheche akainua uso, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha naye akainua dole. Gari la nyuma likapiga honi, na dereva akalazimika kwenda.