Aisii ya Ndiyo na Hapana

Harufu ya risasi ya kuchomelea ikiyeyuka bado inanitoa jasho viganjani. Juzi nilikuwa kwa fundi simu hapa Musoma, akagusisha pasi yake kwenye bodi, moshi ukanifikia, nami nikaanza kutazama saa kana kwamba kuna mtu ananingoja. Msinicheke. Nyumbani kwetu Kitaji, moshi huo uliwahi kumaanisha kwamba Jumapili imefika na redio ya Mama haijapona.

Mama alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kupenda tu. Antena yake ilipita juu ya kamba ya kuanikia nguo, na majirani walishachoka kushangaa. Baba alikuwa kusini, kwenye kambi ya ujenzi wa barabara ambako simu hazikushika. Mhandisi mmoja wa huko alikuwa na redio kama ya Mama, na kila Jumapili baada ya misa alimkaribisha Baba aongee nasi. Wiki moja aisii ya kukuza sauti, kile kidude cheusi chenye miguu mingi ndani ya redio, ikaungua. Nami nilikuwa na swali moja lililoninyima raha: Baba anarudi lini?

Tulizunguka maduka ya Musoma, tukaenda mpaka Bunda. Fundi wa huko alikuwa na bodi ya mashine iliyokufa tu, yenye aisii za kidijitali.

"Hii haikuzagi sauti, dada," alimwambia Mama. "Inajuaga ndiyo na hapana, basi."

"Nipe hivyo hivyo."

Jumapili mahubiri yalinipita. Tuliporudi, Mama hakuvua hata kitenge cha kanisani. Akaichomelea ile aisii, akawasha. Kimya. Ilikuwa imeng'ang'ania upande mmoja, haibanduki. Mimi nakaa, nasimama, nazunguka meza, mpaka akaniambia nikamsumbue mbuzi. Kisha akachukua rezista, kile kijiti cha kupunguza umeme, akaunganisha mguu wa kutolea na mguu wa kuingizia, ili aisii ivutwe na yenyewe, itulie katikati ya ndiyo na hapana. Ikikaa hapo, alinieleza, hata sauti ndogo ikiigusa, inayumba sana. Spika ikakohoa. Nikamsikia Baba.

Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo. Alinisalimia mimi kwa jina kabla ya yeyote, akauliza shule, akauliza kikohozi cha mdogo wangu. Nilifurahi mpaka machozi. Kwetu mwanaume aliye safarini huanza na ng'ombe, watu hufuata, na Baba hakuwahi kukosea mpangilio huo; ng'ombe wake walikuwa kwa babu, Butiama. Siku hiyo alituweka sisi mbele, nikaona tumepanda cheo.

Nikamvuta Mama kitenge amuulize anarudi lini. Akashika maiki, akaisogeza mdomoni.

"Hata ng'ombe huwaulizi?"

Baba akajibu kupitia mikwaruzo.

"Hao mtajua wenyewe huko."

Mama akamtakia Jumapili njema, akachomoa betri. Nilimnunia mchana kutwa kwa kuliacha swali langu.

Mpaka nikawa mtu mzima, na ng'ombe wangu mwenyewe huko Mugeta ninaowaulizia kila nikipiga simu maana ndiko nitakakorudi, ndipo nilipoelewa kwamba Mama aliliuliza, na alijibiwa.