Dirisha la Lakica

Binti yangu Lakica si daktari. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa miaka mitatu sikulisema, na nilikuwa na nafasi nyingi za kulisema.

Yeye ni mtu wa mapokezi katika zahanati ndogo ya Bukoto, nyuma ya maduka. Anakaa ndani ya dirisha lenye nondo, na wagonjwa wanampitishia madaftari yao. Hapa kwetu mgonjwa anakuja na daftari lake mwenyewe, lile la shule, na ndani yake daktari anaandika ugonjwa na dawa. Lakica anayapokea, anayapanga rundo moja, na daktari anaita kwa kufuata rundo. Kazi yake ni hiyo tu: kuandika jina, kupanga madaftari.

Lakini hapa Kampala mtu yeyote anayekaa ndani ya zahanati anaitwa musawo, yaani daktari kwa Kiganda. Anayefagia ni musawo, mlinzi wa lango ni musawo. Kwa hiyo Lakica naye akawa musawo, na mimi sokoni Kalerwe nikawa mama musawo. Muuza nyanya alinichagulia zilizo ngumu. Sikukataa jina wala nyanya.

Nilimzaa Lakica hapa Kampala, katika kambi ya polisi tunamoishi hadi leo, ndani ya nyumba ya mabati ya duara, marehemu baba yake Olal akiwa koplo wa polisi. Nilikuja Kampala nikijua Kiacholi na Kiswahili cha askari. Kiganda kilinishinda, na Kiingereza nilikiacha darasa la tano. Lakica alikuwa mdomo wangu. Alipokuwa na miaka tisa mimba iliniharibikia, Olal akiwa kazini Karamoja, tukaenda hospitali sisi wawili. Mwanamke wa dirishani aliuliza kwa Kiganda nina shida gani. Lakica alisimama kwa vidole vya miguu ili aonekane, akasema kwa sauti ya mtoto, mbele ya watu wote, kwamba mama anatoka damu na mtoto amekufa tumboni. Mwanamke yule alimwambia asubiri. Tulisubiri hadi mchana. Nadhani siku ile mtoto alijifunza kwamba kuna watu wa upande wa nje wa dirisha na watu wa upande wa ndani.

Alipopata kazi ya zahanati, mwanzoni alipitisha kila daftari. Dakta Komakech anakuja Jumanne na Ijumaa tu, na watu walifika sitini. Siku moja alimwambia Lakica apunguze, kwa sababu wengine wanakuja na mafua. Binti yangu alirudi nyumbani analia. Hakujua atapunguza vipi.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilikuwa namenya ndizi, nikasema, "Waulize kwanza wanaumwa nini. Wewe umekua na watu hawa. Unajua nani anaumwa na nani anakuja kukaa kwenye kivuli."

Akaanza kuuliza, na kazi hiyo akaiweza kuliko nilivyotarajia. Wa malaria alimweka juu, wa kikohozi akampeleka duka la dawa, na aliyemjibu vibaya daftari lake likalala chini ya rundo hadi daktari akavua koti. Nilijua hayo yote, kwa sababu Ijumaa nilikuwa nampelekea chakula na kukaa kwenye kistuli nyuma yake nikiangalia. Watu walinisalimia kupitia nondo. Wengine walininong'oneza, "Mama Lakica, niwekee neno." Niliweka neno.

Sasa nije kwa Zulaika.

Zulaika amekuwa jirani yangu kwa miaka kumi na tisa. Ni Mnubi, babu yake alikuja na jeshi la Waingereza, na mume wake alikuwa polisi kama wangu. Jumapili moja tulikuwa mlangoni kwangu tunachambua maharage. Akaacha mikono ndani ya ungo.

"Mama Lakica, damu imerudi."

"Damu gani?"

"Ile ya wanawake. Ilikoma miaka minne. Sasa siku ya tano haikatiki."

Nilimuuliza nani anajua. Akasema mimi na Mungu. Binti yake Rahmah hakumwambia, kwa sababu Rahmah akijua, mume wake Latif atajua, na mkwe hapaswi kujua jambo kama hilo. Zulaika hali chakula mbele ya Latif. Akimwona anakuja njiani, anavuta mtandio na kupita upande wa pili.

"Nenda Ijumaa," nikamwambia. "Lakica yupo."

Nilisema hivyo kama mtu mwenye zahanati yake.

Ijumaa hiyo nilikuwa kwenye kistuli changu, bakuli la chakula mapajani. Benchi lilikuwa limejaa. Zulaika alifika amevaa nguo nyeusi, naye si mtu wa nyeusi. Alipofika dirishani nikamwona anasimama ghafla. Kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwake, alikuwa amekaa Latif. Mlango wa gari ulikuwa umembana kidole, akaja kufungwa bendeji. Alipomwona mama mkwe wake aliinamisha kichwa kwa heshima, akaangalia kidole chake.

"Karibu, Mama Rahmah," Lakica akasema. "Shida gani?"

"Nataka kumwona daktari."

"Wote hawa wanataka kumwona daktari. Hakuna aliyekuja kuniona mimi."

Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, na kutabasamu huko nakukumbuka.

"Ni mambo ya mwili tu, binti yangu."

"Mwili ni mkubwa, mama. Sehemu gani?"

Zulaika alishika nondo. Latif alikuwa bado anaangalia kidole, lakini masikio hayana mlango.

"Kichwa," akasema.

"Kimeanza lini?"

"Siku hizi hizi."

"Umemeza Panadol?"

"Bado."

"Basi meza, unywe maji mengi. Kikikataa rudi Jumanne. Daktari ana watu wanaoumwa kweli." Akamrudishia daftari. "Anayefuata."

Zulaika hakuondoka mara moja. Aliniangalia juu ya bega la binti yangu. Ningeweza kumgusa Lakica mgongoni. Ningeweza kumwambia kwa Kiacholi, maneno mawili, na hakuna ambaye angeelewa. Niliinama nikafunga upya kitambaa cha bakuli, ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri.

Nilipoinua macho alikuwa amekwenda.

Nilijiambia nitamweleza Lakica jioni. Jioni alirudi amechoka, akaweka miguu kwenye beseni la maji, akanihadithia matusi aliyotukanwa na mwanamume mmoja wa Kasubi. Nilimpa chakula. Nikajiambia siri ya mtu si yangu kuitoa. Hilo ni kweli, lakini sicho kilichonizuia. Kumwambia kungekuwa kumwonyesha kosa lake, na kosa lake lilikuwa na mkono wangu ndani.

Jumanne ikapita. Zulaika hakuonekana bombani, maji akachota Rahmah. Mimi ni mtu wa kuangalia, siwezi kujizuia. Niliona nguo zake hazianikwi tena nje. Niliona taa ya ndani inawaka mchana, kama ya mtu asiyetoka kitandani. Nilipita mlangoni pake mara mbili nikijifanya natafuta kuku.

Alhamisi niliingia. Alikuwa amelala, midomo imekuwa myeupe.

"Karibu, mama musawo," akasema. "Nimemeza Panadol. Kichwa kimepona kabisa."

Akacheka kidogo. Mimi nilikaa chini sakafuni.

"Kesho tunakwenda wote," nikasema.

"Binti yako ataniuliza tena. Sina neno jipya la kumwambia."

"Ataniuliza mimi. Nipe daftari lako."

Kesho yake Zulaika alikaa kwenye benchi karibu na mlango, amejifunika. Mimi nilisimama kwenye mstari upande wa nje, mahali ambapo sikuwa nimesimama miaka mitatu. Mbele yangu walikuwa watu wanane. Kutoka nje, dirisha lile ni la juu kuliko nilivyodhani. Mtu mfupi lazima anyooshe shingo.

"Mama, pita ndani," Lakica akasema aliponiona. "Unafanya nini huko?"

"Niko kwenye mstari."

"Unaumwa?"

"Naumwa."

Alisogea karibu na nondo na kushusha sauti. Sikujua kama binti yangu ana sauti ya chini anapokuwa kazini. "Unaumwa nini, mama?"

Ningeweza kumjibu kwa sauti hiyohiyo. Lakini kama ningenong'ona, ningekuwa nimetumia tena kistuli changu. Nikasema kwa sauti ambayo Zulaika alitakiwa kusema nayo.

"Natoka damu. Hedhi ilikoma miaka minne, na sasa damu imerudi. Siku ya kumi na saba."

Mzee Oola, aliyekuwa kikosi kimoja na Olal na akabeba jeneza lake, aligeuza uso akatazama ukuta. Msichana mmoja alimziba mdogo wake masikio, kama vile mimi ni matusi. Nilihisi joto kuanzia shingoni hadi kwenye nywele. Nilimkumbuka mtoto wa miaka tisa aliyesimama kwa vidole akisema maneno hayo kwa ajili yangu.

Lakica alichukua daftari. Kalamu ikashuka hadi mahali pa jina, ikasimama. Alisoma jina lililoandikwa kwenye jalada. Akaniangalia, kisha akaangalia mlangoni, alipokaa Zulaika. Niliona anaelewa. Uso wake ulibadilika polepole, kama maziwa yanayoganda, akaonekana mzee.

Hakuuliza kitu. Aliweka daftari juu ya rundo, na ilipofika zamu hakumwacha daktari aite jina. Alitoka mwenyewe, akafungua mlango, akasema, "Mama, ingieni wawili."

Kwa hiyo wote waliokuwepo waliamini mgonjwa ni mimi, na Zulaika amenisindikiza.

Dakta Komakech alimpima, akauliza siku ngapi. Aliposikia aliweka kalamu chini.

"Wiki mbili na zaidi? Kwa nini hukuja, mama?"

"Nilikuja," Zulaika akasema.

"Ukaonwa na nani?"

Nilikuwa nimesimama ukutani. Nilingoja ataje jina la mtoto wangu, na alikuwa na haki.

"Hakuna aliyeniona," akasema.

Daktari aliandika barua ya kwenda hospitali kubwa siku hiyohiyo. Latif, aliyeambiwa tu kwamba mama mkwe wake anaumwa, ndiye aliyetuletea gari. Hakugeuka nyuma hata mara moja njia nzima. Nafikiri hata siku ile ya kwanza, kama angejua, angeinuka akatoka nje ili mama mkwe wake aseme. Hakuna aliyempa nafasi hiyo.

Jioni Lakica hakuweka miguu kwenye beseni. Alisimama mlangoni.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa umekaa nyuma yangu."

"Nilikuwa."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Latif alikuwepo."

Alingoja. Alijua hilo ni nusu.

"Sikutaka watu waone nakusahihisha," nikasema. "Nilikuwa napenda kukuona pale."

Halafu akasema, bila hasira, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kama lingekuwa na hasira: "Wewe ndiye uliyeniambia niwaulize."

Nilimjibu ndiyo.

Hospitali walikuta uvimbe ndani ya mji wa uzazi. Walichukua kipande wakakipima, na majibu yalikuwa mabaya. Wakautoa mji wote. Nilikuwa nimekaa karibu na kitanda wakati daktari wa pale, mwanamke mdogo, anamweleza kwamba wamefanya wanachoweza na sasa ni kurudi kila mwezi kupimwa. Akauliza kama tuna swali.

Swali nilikuwa nalo. Nilitaka kujua kama zile siku saba, kati ya Ijumaa na Ijumaa, ziliongeza kitu. Lilikuwa mdomoni. Zulaika aliniangalia vilevile alivyoniangalia juu ya bega la Lakica, akatikisa kichwa kidogo tu. Sikuuliza. Yeye pia hakuuliza.

Lakica bado yuko dirishani. Sasa anaandika jina na kuweka daftari mahali pake, la kwanza likiwa la kwanza. Daktari amelalamika mara mbili kwamba watu ni wengi, na huenda wakatafuta mtu mwingine. Mtu akimwita musawo, anasema, "Mimi naandika majina tu." Kistuli amekipeleka nje, anakikalia yeyote aliyechoka.

Kambini bado wanaamini damu ilikuwa yangu, na kwamba Zulaika alilazwa kwa uvimbe wa tumbo tu. Wanawake wananiuliza kwa upole kama imekatika, na Mzee Oola akiniona anavuka njia. Nawajibu naendelea vizuri. Zulaika anasikia kutoka mlangoni pake, na anaendelea kuchambua maharage.