Shangazi Kaja

Enzi zetu kule kijijini Golbanti, ukiona ule mfuko mkubwa wa plastiki wenye miraba ya bluu na nyekundu unateremshwa kwenye basi pale Garsen, hukuuliza kuna nini. Jina lake lilitosha: shangazi kaja. Sisi tuliamini jina hilo lilianzia nyumbani kwetu, maana shangazi yetu alikuja nao kila Krismasi kutoka Malindi, zipu imekufa zamani, umefungwa kamba ya katani kama mbuzi mkaidi.

Kuufungua ilikuwa shughuli. Mama alisema, "Mfuko wa mgeni haufunguliwi mgeni hajaoga." Shangazi ataoga, atakula wali na samaki wa mto, ataulizia kila aliyezaliwa na kila aliyekufa, na wanakijiji wetu hawakuwa wavivu kwa yote mawili. Sisi tuliubonyeza mfuko kwa nje. Mwaka mmoja nilishika kitu kigumu nikaapa ni kisigino cha kiatu. Ilikuwa chupa ya chai.

Mwaka huo nilikuwa nimeahidiwa viatu vyekundu. Shangazi alinipima mguu kwa uzi wakati wa Pasaka, akapiga fundo, akaenda nao Malindi. Lakini tangu Pasaka hadi Krismasi mguu wangu nao haukukaa bure. Na sheria ya nyumbani ilijulikana: kiatu kikikubana kinashuka kwa mdogo wako. Mdogo wangu Hadia alikuwa ameshanawa miguu, anasubiri.

Viatu vilipotoka nilivisukuma mpaka vikaingia, nikasimama, nikatabasamu.

"Havikubani?" shangazi akauliza.

"Havinibani, shangazi."

"Haya, rukaruka nione."

Niliruka mara moja. Mara ya pili yaliruka machozi. Hadia akasema kwa upole, "Dada, usije ukavipanua."

Shangazi akavua ndara zake, kubwa kama mitumbwi, akaniwekea mbele. "Hizi hazikubani. Kua uzikute." Nilizikuta nikiwa darasa la sita, zikanitia hamu ya safari, nikaacha shule, na tangu hapo sijatulia mahali.

Nimefika Lamu, Voi, hata Tanga, na kila mahali nauliza jina la mfuko ule lilitoka wapi. Mchuuzi mmoja wa Mombasa aliniapia limetoka kwa shangazi yake. Mama mmoja wa Tanga akasema ni kwa shangazi yake yeye, na kaburi la shangazi huyo yuko tayari kunionyesha. Sikubishana nao. Nawahurumia tu.

Siku hizi vijana wanashuka Garsen na masanduku ya magurudumu, wanayaburuta topeni mpaka gurudumu moja linabaki njiani. Zawadi za mashangazi zinaingia kwa simu, na simu hata uibonyeze vipi haina kisigino.

Sasa shangazi ni mimi, hata kama wana wa Hadia huniita mama mkubwa. Krismasi iliyopita nilifika kwa Hadia na mfuko wangu wa miraba. Wanawe wanne walinisalimia vizuri, wakarudi kwenye simu zao. Nikauegemeza mfuko ukutani, nikaenda kuoga, nikakawia kwa makusudi. Nilipotoka, watoto walikuwa palepale walipokuwa. Mama yao ndiye aliyekuwa ameinama ukutani, anaubonyeza kwa nje.

"Dada," akasema bila kugeuka, "hiki si kisigino?"